Umeme Unaonong'ona

Upande wa pili wa santuri unaanza bila ngoma. Kinanda kinavuma chini kwa chini, besi inasuguliwa kwa upinde na kushikilia noti moja, halafu gitaa la umeme linaingia polepole na melodi fupi ambayo hata mtoto angeweza kuiimba akiisikia mara mbili. Melodi inakwisha. Saksafoni inaichukua ileile, bila kuiongezea pambo, kisha tarumbeta linaungana nayo. Zinapita dakika nne na ushei hivyo hivyo, na muda wote huo nyuma ya drams amekaa kijana wa miaka 23 ambaye mpaka leo hutajwa miongoni mwa wapigaji wenye kasi na nguvu kuliko wote wa enzi yake. Hapigi kitu.

Kijana huyo ni Tony Williams. Santuri ni In a Silent Way ya Miles Davis, iliyorekodiwa New York tarehe 18 Februari 1969, siku moja tu, ikatoka madukani mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Ina pande mbili, na kila upande ni kipande kimoja kirefu kisicho na mwimbaji. Vitabu vya historia ya muziki huiweka karibu na mlango wa fyusheni, ile jazi iliyochanganywa na roki na vyombo vya umeme, kisha huharakia kwenye Bitches Brew, santuri iliyofuata, yenye kelele zaidi na mauzo makubwa zaidi. Mimi naona haraka hiyo inawanyima wasikilizaji. Bitches Brew inaheshimiwa. In a Silent Way inapendwa. Watu wasiojua lolote kuhusu jazi huiweka, huisikiliza mpaka mwisho, na kuirudia. Nimejiuliza kwa muda mrefu kwa nini iwe hivyo, na jibu langu ni kwamba nguvu yake iko katika yale ambayo wanamuziki wake walijizuia kuyapiga.

Miles Davis alikuwa na miaka 42. Alizaliwa Alton, Illinois, mwaka 1926, mtoto wa daktari wa meno. Akafika New York akiwa kijana na kupuliza tarumbeta bega kwa bega na Charlie Parker. Akatoa Kind of Blue mwaka 1959, santuri ambayo kwa watu wengi ndiyo jazi yenyewe. Katikati ya miaka ya sitini aliongoza kikosi cha watu watano ambacho wajuzi bado wanakitolea mfano: Wayne Shorter kwenye saksafoni, Herbie Hancock kwenye piano, Ron Carter kwenye besi, na huyo Tony Williams aliyejiunga naye akiwa na miaka 17. Mtu mwenye rekodi kama hiyo angeweza kuishi kwa heshima akirudia yaleyale hadi uzeeni.

Lakini vijana wa Marekani walikuwa wameelekeza masikio kwingine: kwa Jimi Hendrix, kwa James Brown, kwa Sly and the Family Stone. Betty Mabry, mwimbaji kijana aliyeolewa na Miles mwaka 1968, ndiye aliyemletea muziki huo nyumbani na kumsukuma ausikilize kwa makini. Kampuni ya santuri ya Columbia nayo ilitaka msanii wake awafikie vijana waliokuwa wakinunua roki kwa wingi. Hapo ndipo ilipozaliwa ile hadithi inayosimuliwa mara nyingi, kwamba Miles aliiacha jazi akafuata fedha. Siikubali. Anayefukuzia fedha za vijana wa roki huongeza sauti, hutafuta mwimbaji, hutafuta wimbo wa dakika tatu wa kupigwa redioni. Huyu alileta umeme ndani ya chumba, akawaagiza wenzake wanong'one.

Hakufika hapo kwa mrukio mmoja. Mwaka 1968 alirekodi Filles de Kilimanjaro, ambayo jina lake lilitokana kwa sehemu na kampuni ya kahawa ya Kilimanjaro aliyokuwa ameweka fedha zake, na humo piano ya umeme tayari inasikika. Hancock amesimulia jinsi alivyoijua piano hiyo mara ya kwanza: aliingia studio, hakuiona piano ya kawaida ambayo angeipiga, akauliza apige nini, na Miles akamwonyesha kijipiano cha umeme kilichokuwa pembeni. Hakukitarajia. Alipokigusa akaipenda sauti yake, na maisha yake ya muziki yakachukua njia nyingine.

Siku ya In a Silent Way piano haikuwa moja. Miles aliita wapapasa vinanda watatu, jambo ambalo kiongozi yeyote wa bendi angekuonya usilijaribu, maana vinanda vitatu vinagombea nafasi ileile. Hancock alikuwapo, ingawa alikwisha kuondoka kwenye bendi. Chick Corea, aliyeshika nafasi yake, alikuwapo pia. Wa tatu, Joe Zawinul, mzaliwa wa Vienna, alikuwa mpigaji katika bendi ya Cannonball Adderley na ndiye aliyemtungia wimbo maarufu wa Mercy, Mercy, Mercy. Miles alimpigia simu siku hiyohiyo amwalike, halafu akapiga tena na kumwambia aje na kitu alichotunga. Besi ilishikwa na Dave Holland, Mwingereza ambaye Miles alimsikia London mwaka uliotangulia akamchukua.

Halafu kulikuwa na John McLaughlin. Mpiga gitaa huyu alikuwa na siku chache tu tangu atoke Uingereza, tena alikuja kwa mwaliko wa Tony Williams aliyekuwa akiunda bendi yake mwenyewe. Miles alikutana naye na kumtaka afike studio kesho yake. Hebu fikiria: hujazoea hata mitaa ya New York, na umekalishwa mbele ya mtu uliyemsikiliza kwa miaka mingi, ukizungukwa na wanamuziki bora kabisa wa nchi hiyo, unaambiwa upige.

Hapa kuna tukio ambalo kwangu ndilo kiini cha santuri nzima, na tuna bahati kwamba mkanda ulikuwa ukizunguka. Mwaka 2001 Columbia ilitoa rekodi kamili za kipindi kile, na humo yamo majaribio ya kwanza ya wimbo uliobeba jina la santuri. Zawinul alikuwa ameutunga akiikumbuka Austria ya utoto wake, na aliupamba kwa mfululizo wa noti zinazopigwa kwa pamoja, zikibadilika kila hatua chini ya melodi. Katika jaribio lile unausikia ukipigwa hivyo, na drams zikisindikiza kwa mapigo mepesi yanayoelekea Brazil. Ni muziki mzuri. Ungefaa kabisa kupigwa hotelini jioni, watu wanakula na kuzungumza.

Miles hakuridhika. Akaondoa karibu noti zote za kusindikiza, ikabaki moja ya chini inayovuma mwanzo hadi mwisho. Akanyamazisha drams. Akamgeukia McLaughlin, ambaye hakujua aanzie wapi, akampa agizo lililokuja kujulikana na kila mpiga gitaa wa jazi: apige kama mtu asiyejua kupiga gitaa. McLaughlin alianza kwa kuweka vidole pale alipokuwa na uhakika napo, noti moja, akasubiri, nyingine. Taa ya kurekodi ilikuwa inawaka. Kile alichodhani ni kutafuta njia ndicho tunachokisikia leo mwanzoni mwa upande wa pili, na woga wa mgeni yule umo ndani yake, umegeuka kuwa uangalifu. Zawinul kwa upande wake hakufurahi kuona kazi yake imevuliwa mapambo. Mwaka 1971 alitoa toleo lake mwenyewe lenye kila alichokikusudia. Nimezisikiliza zote mbili mara nyingi. Ile ya mtunzi ina utajiri zaidi. Ile ya Miles ndiyo inayomsimamisha mtu aliyekuwa anapita.

Walipomaliza kupiga, santuri haikuwa imepatikana bado. Kilichokuwapo ni mikanda mirefu, na mtu wa kuikata alikuwa Teo Macero, produsa wa Columbia, ambaye mwenyewe aliwahi kupiga saksafoni na kutunga. Siku hizo kuhariri ni kushika wembe: unaukata mkanda, unaunganisha vipande kwa utepe wa gundi, na ukikosea umekosea. Macero na Miles walipunguza sana, mpaka kilichobaki hakikutosha kujaza pande mbili. Walichofanya baadaye kiliwakera wahakiki wa wakati ule. Upande wa kwanza, Shhh/Peaceful, walichukua sehemu ya mwanzo wakaibandika tena mwishoni. Upande wa pili walifanya vivyo hivyo: ile melodi ya gitaa, saksafoni na tarumbeta inarudi kufunga, na hairudi kwa kupigwa upya. Ni mkanda uleule, noti kwa noti, pumzi kwa pumzi.

Kwa mshika dini wa jazi hiyo ilikuwa kufuru. Jazi ni muziki wa kubuni papo hapo. Kilichopigwa leo hakirudiwi kesho, sembuse kunakiliwa kwa wembe na gundi. Mimi naona Macero alielewa jambo ambalo wakali wale hawakulielewa. Melodi ile ukiisikia mara ya kwanza ni utangulizi tu, hujui inakupeleka wapi. Ikirudi baada ya dakika kumi na zaidi za mapigo, noti zilezile zina uzito tofauti, kwa sababu wewe msikilizaji umetoka mbali. Muziki haujabadilika hata kidogo. Uliyebadilika ni wewe. Kama wangeipiga upya wangeongeza kitu, wangeonyesha ustadi, na kitu hicho kingepotea.

Katikati ya nakala hizo mbili ndipo ilipo sehemu iitwayo It's About That Time, na hapo Tony Williams anaanza kazi. Nakuomba msomaji umfuate yeye. Anapiga ukingo wa ngoma kwa kijiti na kugonga toazi, basi, mapigo yaleyale bila kuyumba, wakati besi ya Holland inazunguka kwenye vifungu vichache na vinanda vitatu vinapishana, kimoja kinasema neno, kingine kinajibu, cha tatu kinakaa kimya. Hawagombanii nafasi hata mara moja. Miles anapuliza solo yake, anampisha McLaughlin, anafuata Shorter na saksafoni ya soprano, chombo alichokuwa amekichukua si muda mrefu uliopita. Williams yuko palepale. Mtu anayemjua kwa kazi zake nyingine anaanza kukosa raha, maana anajua mikono ile inaweza nini.

Miles anaporudi kwa mara ya pili, Williams anajiachia. Ngoma zote na matoazi yote yanalipuka kwa pamoja, tarumbeta linapaa juu yake, na kwa muda mfupi chumba kizima kinatikisika. Halafu anarudi kwenye kijiti na toazi. Ni mlipuko mmoja katika santuri ya dakika 38. Upande wa kwanza hakufanya hata huo: kwa dakika 18 alishikilia toazi la mguu kwa mapigo ya haraka na mepesi, bila kubadili. Vijana wanaojifunza drams hudhani kazi kubwa ni ile ya mikono mingi. Wajaribu kushika toazi moja dakika 18 bila kuongeza wala kupunguza, huku watu saba wanawachokoza kutoka kila upande.

Wapo waliochukia. Stanley Crouch, mhakiki mweusi wa Marekani mwenye kalamu kali, aliandika miaka mingi baadaye kwamba hapa ndipo anguko la Miles lilipoanzia, na kwake muziki huu ulikuwa mvumo wa kuchosha usiokwenda popote. Lester Bangs, aliyekuwa akiandika kuhusu roki katika jarida la Rolling Stone, aliusifu mwaka uleule ulipotoka. Tofauti yao inaeleza mengi kuhusu kivutio cha santuri hii. Crouch alitafuta safari: mwanzo, kilele, mwisho. Bangs alikubali kukaa mahali pamoja.

Nadhani sikio la Mswahili lina faida hapa. Aliyekulia kwenye nyimbo za Nuta Jazz au Morogoro Jazz asitegemee muziki wa aina ile. Jazi ya Miles ina asili nyingine. Lakini sebene ameshaizoea. Anajua raha ya gitaa la rizimu linalorudia kifungu kilekile mpaka kinaingia mwilini, wakati solo inacheza juu yake, na hajawahi kulalamika kwamba gitaa la rizimu haliendi popote. Mzanzibari aliyehudhuria taarabu ya zamani naye anaijua bashrafu, ile ala tupu inayotangulia kabla mwimbaji hajasimama, na anajua kwamba haina haraka kwa sababu inaandaa masikio. Hakuna anayehitaji kumfundisha mtu huyu jinsi ya kukaa ndani ya muziki unaozunguka.

Waliokuwa chumbani siku ile walitawanyika na kuunda karibu kila bendi kubwa ya fyusheni ya miaka ya sabini. Williams na McLaughlin walitoa Emergency! ndani ya mwaka huohuo. Zawinul na Shorter waliunda Weather Report, McLaughlin akaunda Mahavishnu Orchestra, Corea akaunda Return to Forever. Sitazieleza hapa, isipokuwa kusema kwamba nyingi zilichukua umeme zikaacha mnong'ono. Ukweli ni kwamba fyusheni kwa kiasi kikubwa iligeuka mashindano ya kasi, na wasikilizaji wengi wakaichoka kwa sababu hiyo.

Herbie Hancock namweka peke yake, na sisi tuna haki ya kumfuatilia kwa karibu kuliko wengine. Mwishoni mwa 1969 alishiriki kurekodi santuri ya mpiga drams Albert Heath iitwayo Kawaida. Mmoja wa wanamuziki wake alikuwa James Mtume, kijana wa miaka 23, mfuasi wa Maulana Karenga, yule aliyeanzisha sherehe ya Kwanzaa mwaka 1966. Wamarekani weusi wengi wa kizazi hicho walikuwa wakitafuta lugha ya Kiafrika isiyofungwa na kabila moja, wakakichagua Kiswahili. Mtume ndiye aliyewapa wenzake majina. Hancock akawa Mwandishi. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga drams Billy Hart akawa Jabali, na Eddie Henderson, mpuliza tarumbeta ambaye pia alikuwa na shahada ya udaktari, akaitwa Mganga. Julian Priester wa tromboni akapewa Pepo Mtoto. Santuri ya kwanza ya kikosi hicho cha Hancock, iliyotoka 1971, inaitwa Mwandishi.

Isikilize baada ya In a Silent Way na utaona ni mtoto wa nyumba ileile: piano ya umeme inayoelea, vipande virefu, subira, nafasi tupu zilizoachwa kwa makusudi. Mtume mwenyewe aliingia kwenye bendi ya Miles mwanzoni mwa miaka ya sabini akapiga naye ngoma za mkono hadi 1975, na Miles alikipa kipande kimoja jina lake. Kwetu jambo hili halijulikani inavyostahili. Watu wanaozungumza Kiswahili kila siku, wanaopenda muziki, hawajui kwamba maneno ya lugha yao yameandikwa juu ya baadhi ya kazi muhimu kabisa za jazi ya karne iliyopita, na kwamba wanamuziki hao waliyachukua kwa heshima kubwa.

Ukitaka kuanza, anza na upande wa pili. Usitumie spika ya simu, kwa kuwa itakunyima besi ya Holland, na bila besi ile jengo zima halina msingi. Usisubiri kiitikio. Mara ya kwanza acha muziki upite tu. Mara ya pili mfuate Williams peke yake, kutoka kimya chake hadi mlipuko na kurudi. Mara ya tatu vitenganishe vinanda vitatu, kazi ambayo bado inanipa furaha kila ninapoirudia. Ndipo ugeuze upande.

Na kwa watangazaji wa redio zetu wenye vipindi vya muziki wa zamani, wale wanaotupigia Franco usiku na kuuacha wimbo uishe wenyewe, nina ombi. Upande wa pili wa In a Silent Way haufiki dakika 20. Upigeni wote, msiukate kwa tangazo, na baada yake tajeni jina la Mwandishi na kuipiga kazi yake, ili wasikilizaji wa Kiswahili waisikie santuri iliyobeba neno lao.